Jina la Mlangoni: Maktaba Inapobadilisha Vichwa vya Mada

 



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la wakutubi peke yao. Nalo ni majina ambayo maktaba huyatumia kuvikusanya vitabu kwa mujibu wa mada zake, na jinsi majina hayo yanavyobadilishwa kadiri miaka inavyopita. Kwa hakika jambo hili linamgusa kila atafutaye elimu, awe mwanafunzi wa sekondari, awe mwalimu wa madrasa, awe mjane anayetaka kuijua haki yake katika mirathi. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji apate kuupima: jina la mada ni mlango wa kuingilia kwenye elimu. Likiwa la matusi, humdhalilisha yule anayepita; likiwa geni, humwacha nje. Kwa hiyo jina baya halina budi libadilishwe, lakini libadilishwe kwa namna ambayo aliyelizoea la zamani hatapotea njia, na maneno ya msomaji mwenyewe yapewe nafasi mlangoni.

KICHWA CHA MADA HUFANYA KAZI GANI?

Kila kitabu kiingiacho maktaba hupewa vitu viwili. Cha kwanza ni nambari, ambayo huonyesha kitabu kitasimama kwenye rafu ipi. Katika mfumo wa Dewey, uliotolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876 na ambao umeenea sana katika maktaba za umma duniani, dini zimewekwa katika mia ya 200, na Uislamu umepewa nambari 297. Cha pili ni kichwa cha mada, yaani neno au maneno machache yanayosema kitabu kinazungumzia nini. Kitabu husimama mahali pamoja tu kwenye rafu, lakini chaweza kuwa na vichwa viwili, vitatu au zaidi katika katalogi, na kila kimoja kikawa njia ya kukifikia.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Tafsiri za Qur'ani Tukufu kwa Kiswahili ni kadhaa. Ile ya mmisionari Godfrey Dale ilitoka mwaka 1923, na jina lake linaanza na neno Tafsiri. Ile ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi ilitoka mwaka 1953 kwa jina la Kurani Tukufu. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilitoka kamili mwaka 1969 kwa jina la Qurani Takatifu. Ile ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ikafuata mwaka 1995. Katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti ya majina ya vitabu, moja itakaa chini ya herufi K, nyingine chini ya Q, nyingine chini ya T. Msomaji akitafuta kwa tahajia moja atapata kitabu kimoja na kudhani kwamba maktaba haina zaidi. Kichwa kimoja cha mada ndicho kinachoziita tafsiri zote zikae pamoja, ili msomaji azione, azilinganishe na achague.

Wazee wetu katika Uislamu waliijua kazi hii tangu zamani. Huko Baghdad, mwaka 377 Hijria, sawa na mwaka 987 Miladia, mwuza vitabu aitwaye Ibn al-Nadim aliandika kitabu chake mashuhuri, Al-Fihrist, akakigawa katika makala kumi kwa mujibu wa fani. Alitenga nafasi ya sarufi, ya historia, ya mashairi, ya ilmu al-kalam, ya fiqhi na ya falsafa. Hakuviacha vitabu vya Mayahudi na Wakristo, wala hakuzisahau habari za Wahindi na Wachina. Karne nyingi baadaye, mjini Istanbul, Haji Khalifa, aliyefariki mwaka 1657, alikusanya katika Kashf al-Zunun majina ya vitabu takriban 14,500. Watu hao walielewa kwamba elimu isiyopangwa ni kama mali iliyozikwa: ipo, lakini haimfai mtu.

MAJINA TULIYOPEWA NA WENGINE

Mnamo mwaka 1898 Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuandaa orodha yake ya vichwa vya mada, na orodha hiyo ikachapishwa kwa mafungu kati ya mwaka 1909 na 1914. Kwa kuwa maktaba hiyo ilikuwa imeanza, tangu mwaka 1901, kuziuzia maktaba nyingine kadi za katalogi zilizokwisha kuchapwa, majina yaliyochaguliwa Washington yalisafiri pamoja na kadi hizo hadi nchi za mbali. Maktaba za Afrika Mashariki nazo zilikulia katika mifumo iliyoundwa Marekani na Uingereza. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Mifumo hiyo ina manufaa makubwa, kwani maktaba zikitumia majina yale yale zinaweza kusaidiana. Lakini kila jina lina mtu aliyelichagua, na mtu huyo huona dunia kutoka pale aliposimama.

Katika katalogi za zama hizo dini yetu iliitwa Mohammedanism, yaani dini ya Muhammad, na Waislamu wakaitwa Mohammedans. Jedwali la kwanza la Dewey lilitumia jina hilo hilo. Huenda waliolitumia walifuata kielelezo cha Ukristo, ulioitwa kwa jina la Kristo. Lakini sisi sote tunajua kwamba Muislamu hamwabudu Muhammad (s.a.w.), humwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na Muhammad ni mja wake na mjumbe wake. Kwa hiyo jina hilo lilibeba ndani yake kosa la itikadi, na kila aliyefungua katalogi alifundishwa kosa hilo kabla hajafungua ukurasa mmoja wa kitabu.

Wala jina hilo halikuishia kwenye maktaba. Lilitumika katika sheria za kikoloni hapa hapa Afrika Mashariki. Uganda ilitungiwa mwaka 1906 sheria ya ndoa na talaka iliyowataja Waislamu kwa jina hilo, na Kenya ilikuwa na sheria za aina hiyo za mwaka 1906 na 1920, ambazo zilifutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Mwanachuoni wa Uingereza H. A. R. Gibb alikipa kitabu chake cha mwaka 1949 jina hilo la Mohammedanism. Kilipochapishwa upya baadaye kikapewa jina la Islam. Hatimaye katalogi nazo zikabadilika: leo kichwa ni Islam, na watu wake ni Muslims. Kadhalika kichwa kilichokuwa Koran sasa huandikwa Qur'an. Mfumo wa Dewey nao, katika toleo lake la 21 la mwaka 1996, uliipanua sana sehemu ya 297, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa finyu. Ukristo ulikuwa na mafungu saba, kuanzia 220 hadi 280, ilhali dini nyingine zote za dunia zilibanana ndani ya 290.

Je, mabadiliko hayo yalimfaa msomaji? Yalimfaa kwa njia mbili. Kwanza yalimwondolea Muislamu haja ya kujitafuta chini ya jina asilolikubali. Pili yalimfaa hata asiye Muislamu, kwa kuwa jina sahihi humwanzishia safari yake ya elimu upande ulio sawa.

NENO LILILOTOKA KINYWANI MWETU

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusijione kuwa sisi ni wa kudhulumiwa tu katika habari hii. Lipo neno moja ambalo safari yake yapaswa kutushtua. Neno la Kiarabu kafir, ambalo katika dini lina maana yake mahususi ya kiitikadi, lilitumiwa na wafanyabiashara Waislamu wa Bahari ya Hindi kuwataja Waafrika wa bara wasiokuwa Waislamu. Mabaharia Wareno wakalichukua, na baada yao walowezi wa Kizungu wa Afrika Kusini wakalifanya jina la kabila, kisha likawa tusi. Huko Afrika Kusini leo ni miongoni mwa matusi mazito kabisa anayoweza kurushiwa mtu mweusi.

Neno hilo liliingia hata katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkutubi Mmarekani aitwaye Sanford Berman alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka. Humo alikuta kichwa cha mada Kafirs kikitumika kwa watu wa kusini mwa Afrika, akafahamishwa na Waafrika aliokuwa akifanya kazi nao jinsi neno hilo linavyochoma. Kwao halikuwa suala la nadharia. Mwanafunzi wa Lusaka aliyetaka kusoma habari za ndugu zake wa kusini alilazimika kupita chini ya tusi ili avifikie vitabu.

Mwaka 1969 Berman aliandika barua katika jarida la wakutubi la Marekani, na mwaka 1971 akatoa kitabu kizima, Prejudices and Antipathies, akipitia kichwa kwa kichwa maneno yanayowadhalilisha watu kwa rangi, dini, taifa au jinsia, na kupendekeza mengine badala yake. Baada ya Zambia alifanya kazi pia katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Basi twaweza kusema kwamba mojawapo ya harakati kubwa za kurekebisha majina ya maktaba duniani ilipata cheche yake katika ardhi ya Afrika, kwa sababu wasomaji Waafrika walisema kwamba neno fulani linawaumiza, na mkutubi akawasikiliza.

Matokeo yake yalikujaje? Yalikuja polepole. Mtafiti Steven Knowlton alipoyachunguza mapendekezo 225 ya Berman na kuchapisha matokeo mwaka 2005, alikuta kwamba 88 yalikuwa yamekubaliwa karibu kama yalivyopendekezwa, na mengine 54 yalikuwa yamekubaliwa kwa sehemu. Mengine mengi yalibaki bila kuguswa, baada ya miaka zaidi ya 30. Lakini Berman hakukaa kusubiri Washington. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1999 alifanya kazi katika maktaba za wilaya ya Hennepin, jimbo la Minnesota, na huko maktaba ilitumia vichwa vyake yenyewe pale ilipoona vya Washington havifai. Tuliweke hilo akilini, kwani tutalirejea.

Mfano wa karibuni zaidi unaonyesha jinsi jina moja linavyoweza kuwa vita. Kichwa Illegal aliens, kilichotumika kwa wahamiaji wasio na vibali, kilipingwa mwaka 2014 na wanafunzi wa chuo cha Dartmouth, Marekani, walioona kwamba mtu hawezi kuitwa haramu. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge ilitangaza kwamba itakibadilisha, wabunge wakaingilia kati, na jambo likakwama. Ilikuwa Novemba 2021 ndipo kichwa hicho kilipoondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na vichwa viwili: Noncitizens, yaani wasio raia, na Illegal immigration, yaani uhamiaji usio halali. Maneno mawili ya katalogi yalichukua miaka saba. Watu hawapigani hivyo kwa ajili ya kitu kisicho na uzito.

PINGAMIZI ZA WATU WENYE HOJA

Wapo watu wema wanaosema kwamba mabadiliko haya yana madhara, na haki yatutaka tuwasikilize. Wa kwanza husema: mkiyafuta majina ya zamani mtaifuta historia. Mtafiti anayetaka kujua wakoloni waliwazaje juu ya Uislamu anahitaji kulijua neno Mohammedanism, kwa kuwa ndilo lililoandikwa kwenye vitabu vyao. Hoja hii ni ya kweli, lakini jibu lake lipo katika ufundi wenyewe wa katalogi. Neno la zamani halichomwi moto. Huwekwa kama kielekezo kinachosema: tazama Islam. Atakayekuja na neno la zamani ataelekezwa panapohusika. Jina la kitabu nalo halibadilishwi kamwe, kwani hilo ni la mwandishi. Kinachobadilika ni jina ambalo maktaba yenyewe hulitamka kwa kinywa chake.

Wa pili husema: kazi ni kubwa na watu ni wachache. Nao hawasemi uongo. Katika maktaba yenye kadi, kubadilisha kichwa kimoja maana yake ni kuzitoa kadi zote zenye kichwa hicho, kuzifuta au kuzichapa upya, na kuzirudisha mahali papya kwa alfabeti. Kompyuta imeirahisisha kazi hiyo, lakini imeleta mtego wake. Maktaba inayopokea rekodi kutoka nje mara nyingi hujikuta vitabu vya zamani viko chini ya jina la zamani na vipya viko chini ya jina jipya, wala hakuna daraja baina yao. Msomaji akipata upande mmoja hajui kwamba upande wa pili upo. Kwa maoni yetu, mabadiliko yasiyokamilishwa yaweza kumdhuru msomaji kuliko jina la zamani lililobaki zima. Kwa hiyo tunasema: asiyeweza kubadilisha yote kwa siku moja, aanze kwa kuweka vielekezo, kwa kuwa kielekezo ni kadi moja tu, na hiyo yatosha kumwokoa msomaji.

Wa tatu husema: kila kundi likidai jina lake, katalogi haitatulia. Tunajibu kwa kanuni. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat aya ya 11, imetukataza kuitana kwa majina ya kubezana. Kanuni hiyo haisemi kwamba kila matakwa yafuatwe. Inatosha kuuliza: watu hawa wenyewe hujiitaje? Naye Charles Cutter, ambaye kanuni zake za katalogi zilitoka mara ya kwanza mwaka 1876, aliweka msingi kwamba faida ya msomaji itangulizwe mbele ya wepesi wa kazi ya mkutubi. Misingi hii miwili inapokutana, mabishano mengi hupungua.

MSOMAJI WA MITEREMKO YA MERU

Sasa tuje nyumbani. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mikoa mingi, Arusha ikiwamo, ina maktaba yake ya umma. Mtu wa Nkoaranga, aliyezaliwa katikati ya migomba na kahawa, hushuka hadi barabara kuu ya Moshi na Arusha, akapanda gari, akalipa nauli, akaenda mjini kutafuta kitabu. Je, ataanza kutafuta kwa neno gani?

Tuseme anataka kujua mgawanyo wa mirathi, kwa kuwa baba amefariki na ndugu wanabishania kihamba: wengine wanataka mila, wengine wanataka sheria ya Kiislamu. Orodha ya Washington ina kichwa kizuri na sahihi kwa mada hiyo: Inheritance and succession (Islamic law). Lakini mjane huyo ana neno moja tu kichwani, nalo ni mirathi. Kama katalogi haina mahali popote panapoandikwa Mirathi, tazama kichwa kile, atarudi kwao mikono mitupu, na huenda akaenda mahakamani bila kujua hata fungu lake. Kitabu kilikuwapo mita chache kutoka aliposimama. Kilichokosekana ni neno moja la Kiswahili kwenye kadi.

Au tuseme kijana anataka kujua habari za babu zake walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, pale serikali ya kikoloni ilipowatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ili kuwapa nafasi walowezi, hata Kirilo Japhet akasafiri mwaka 1952 kwenda kulifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Yeye na mwanasheria Earle Seaton waliyaandika hayo katika kitabu The Meru Land Case, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Mkutubi aliye mbali akikitazama kitabu hicho aweza kuona ndani yake mada za umilikaji wa ardhi na za Umoja wa Mataifa, naye hatakuwa amekosea. Lakini kijana wetu ataanza na Wameru, au na Engare Nanyuki, au na neno kuhamishwa.

Hapo lugha zetu zina tabia yake ambayo orodha za Kiingereza hazikuifikiria. Mtu ni Mmeru, watu ni Wameru, lugha ni Kimeru, nchi ni Meru. Na wenyewe huiita lugha yao Kirwa. Kwa alfabeti, mada moja imetawanyika katika herufi M, W na K. Isitoshe, Wameru wapo pia nchini Kenya, nao ni watu wengine kabisa, wenye lugha nyingine na historia nyingine. Katalogi isiyotenganisha hawa na hao humpa msomaji wa Nkoaranga vitabu vya chini ya Mlima Kenya, na humpa msomaji wa Kenya vitabu vyetu. Mambo kama haya hayawezi kurekebishwa na mtu wa Washington peke yake. Yanamhitaji mkutubi anayeijua lugha, na msomaji asiyeona haya kumwambia: bibi, au bwana, mimi nilitafuta kwa neno hili nikakosa.

Kwa hiyo tunawaomba wakutubi wa maktaba zetu, ambao tunaijua bidii yao na uchache wa fedha zao, wafikirie mambo mawili. La kwanza, wawekee vichwa vya Kiingereza vielekezo vya Kiswahili, wakianza na mada zinazotafutwa sana na wananchi: mirathi, ndoa, talaka, ardhi, magonjwa, kilimo, na majina ya makabila yetu. La pili, pawekwe daftari mezani ambamo msomaji aliyekosa ataandika neno alilotafutia. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mwalimu mzuri kuliko mashauri mengi.

KABATI LA MSIKITINI

Lakini tusiwaachie wakutubi mzigo wote. Misikiti yetu mingi ina kabati la vitabu, na mara nyingi vitabu humo hupangwa kwa ukubwa, au kwa namna vilivyoletwa. Berman alituonyesha kwamba si lazima maktaba ndogo isubiri ruhusa ya kubwa. Daftari moja na kalamu vyatosha kuanza. Kila mada ipewe ukurasa: Qur'ani na tafsiri zake, Hadithi, Sala na tohara, Saumu, Zaka, Hija, Mirathi, Ndoa, Sira, Historia ya Waislamu Afrika Mashariki, Dini nyingine, Afya, Kilimo. Chini ya kila mada yaandikwe majina ya vitabu. Mwishoni ziwekwe kurasa za vielekezo: Udhu, tazama Sala na tohara, Kutawadha, tazama Sala na tohara, Talaka, tazama Ndoa. Kitabu kinachohusu mada mbili kiandikwe katika kurasa zote mbili. Kazi hii yawezwa na vijana wa madrasa wakisimamiwa na mwalimu wao, na Muharram ya kila mwaka daftari lipitiwe upya.

Na hapa tuna nasaha ambayo baadhi ya watu hawataipenda. Tumewahi kuona, katika makabati ya Waislamu, kitabu cha ndugu wa madhehebu nyingine kikiandikwa juu ya jalada neno la kukitia katika upotofu, au hata katika ukafiri, kabla msomaji hajakifungua. Je, tofauti iko wapi baina ya mwenye kufanya hivyo na yule aliyetuita Mohammedans? Jumuiya nyingi za Kiislamu zinaujua uchungu wa kuitwa kwa jina lililobuniwa na wapinzani wake. Basi kila kundi na liandikwe kwa jina linalojiita lenyewe. Asiyekubaliana na kitabu aandike kitabu cha kukijibu, na viwili hivyo vikae katika mada moja, msomaji avisome vyote na Mwenyezi Mungu amwongoze. Kabati la vitabu si mahakama.

Hali kadhalika kwa majirani zetu. Nkoaranga inajulikana zaidi kwa misheni na hospitali ya Kilutheri, na wengi wetu tumezaliwa, au tumetibiwa, mikononi mwa watu wa hospitali hiyo. Vitabu vinavyohusu dini yao viandikwe Ukristo, kwa jina wanalolitumia wenyewe, bila neno la kebehi mbele wala nyuma. Heshima tuliyoidai katika katalogi za wengine hatuna haki ya kuinyima katika daftari letu.

Ndugu wasomaji, hatudai kwamba jina jema peke yake litaleta elimu. Maktaba isiyo na vitabu haiokolewi na vichwa vya mada. Lakini pale kitabu kilipo na msomaji alipo, ni dhuluma kuacha neno moja liwatenganishe. Tunawahimiza wasimamizi wa misikiti watutumie mwezi ujao orodha za mada walizozianzisha, pamoja na maneno waliyokuta yanawasumbua wasomaji wao, ili tuyachapishe na kila msikiti ufaidike na kazi ya mwenzake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atuepushe na ndimi za kuwadhalilisha waja wake, na azibariki kazi za wote wanaowafungulia watu milango ya kusoma. Amin.